Niliuza Nishani za Wazee Wetu, Sasa Nazinunua Upya

Ndugu msomaji, katika droo ya meza hii ninayoandikia imo nyota moja ya shaba yenye pembe sita. Pembe yake moja imepinda. Niliinunua kwa fedha zangu za halali, tena mbele ya mashahidi wawili, lakini siwezi kusema kuwa ni yangu, na mwenyewe simjui. Imo humo kwa sababu ya kosa nililolifanya mwaka 1980, nilipokuwa kijana mwenye mke na pacha wachanga, kosa ambalo mpaka leo nalilipa kidogo kidogo kama mtu alipaye deni la duka.

Nilianza kukusanya vitu vya kale mwaka 1973, nilipopelekwa kufundisha katika shule ya msingi moja nje kidogo ya mji wa Tabora. Hapo mwanzo sikuwa na habari ya nishani. Nilipenda sarafu. Huenda wasomaji wengine wanajua kwamba mwaka 1916 Wajerumani, baada ya manowari za Waingereza kuwazibia njia ya bahari, walijipigia sarafu zao wenyewe palepale Tabora: hela ishirini za shaba, zenye herufi T, na hata rupia kumi na tano za dhahabu zenye picha ya ndovu. Ile ya dhahabu sijapata kuishika. Lakini zile za shaba wanafunzi wangu waliziokota mashambani wakati wa kulima, wakaniletea, nami niliwapa penseli. Sifa zangu zikaenea vijijini kwamba mwalimu anapenda vyuma vilivyochakaa.

Ndivyo alivyonifikia mzee mmoja wa huko Uyui. Alikuja jioni, na fimbo yake, akakaa barazani, akapokea shikamoo yangu na kuuliza hali ya shule, ya mvua, na ya wazazi wangu. Kisha akafungua kitambaa akatoa nishani mbili. Ya kwanza ilikuwa ya fedha, mbele ina kichwa cha Mfalme George wa Tano na nyuma mtu asiye na nguo amepanda farasi. Ya pili ilikuwa ya shaba, ina malaika mwenye mabawa, na utepe wake ulikuwa na rangi zote za upinde wa mvua. Mzee akanionyesha yule mpanda farasi akacheka sana: "Mwanangu, huyu hana hata suruali, atapigana vipi?"

Yeye alikuwa ameanza Vita Kuu ya Kwanza upande mmoja na kuimaliza upande mwingine. Alikuwa askari wa Mjerumani, akatekwa, na mwaka 1917 Waingereza walipounda batalioni ya sita ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, wakaingiza humo wengi wa askari waliokuwa wamewateka. Basi akageuzwa, akawafuata wenzake wa jana hadi vita vilipokwisha Novemba 1918. Nyuma ya nishani ya shaba pamechapwa Kiingereza chenye maana ya kuwa vile vilikuwa vita vikuu kwa ajili ya ustaarabu. Nilipomtafsiria, alinyamaza kwa muda, halafu akauliza kama maneno hayo waliandikiwa na Wajerumani pia.

Hakuniuzia. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana ndilo kiini cha habari yangu. Alisema kwamba nyumbani kwake watoto wanazichezea, nyumba ni ya nyasi na moto hauna adabu, na mimi nina sanduku lenye kufuli. "Kaa nazo. Mjukuu wangu akikua akakuuliza, mpe. Asipouliza, basi ni zako." Nikampa sukari kilo mbili kwa heshima tu, wala si kwa bei. Usiku ule nikachukua daftari la mazoezi nikaandika kila kilichosomeka katika ukingo wa nishani zile: namba ya askari, cheo chake, kifupisho cha jeshi lake, na jina. Jina lenyewe lilikuwa limeharibika, kwani karani aliyeliandika alikuwa mgeni na aliliandika kama sikio lake lilivyolipokea.

Kutoka hapo nikawa mkusanyaji hasa. Nilizunguka kwa baiskeli kila likizo. Wengine waliniuzia, wengine walibadilishana nami kwa shati au viatu. Mwaka 1977 nilifika Urambo kwa mzee mwingine, aliyekwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka 1944 hadi mto Chindwin. Aliporudi alifanya kazi katika mpango wa karanga wa Waingereza, nao ulipovunjika akabaki palepale Urambo na jembe lake. Nilimpa jozi ya viatu vya ngozi, naye akanipa nyota yake. Katika daftari niliandika mstari mmoja tu: Nyota ya Burma, pembe moja imepinda. Kufikia mwisho wa mwaka 1979 nilikuwa na vipande 31 ndani ya kopo la biskuti. Yule mzee wa Uyui alikuwa amefariki mapema mwaka huohuo.

Nije sasa penye uchungu. Mwanzoni mwa mwaka 1980 mvua ya usiku iliangusha paa la nyumba yetu. Mke wangu alikuwa na wiki tatu tangu kujifungua pacha. Wakati huohuo, kwa mambo yaliyotendeka katika masoko ya mbali ambayo sisi hatukuyajua, bei ya fedha ilikuwa imepanda kiwazimu: Januari 1980 ilifika karibu dola 50 kwa aunsi moja, ilhali mwaka mmoja nyuma haikufika hata dola 10. Nishani ya fedha ya Vita Kuu ya Kwanza ina uzito wa karibu aunsi moja. Huko Uingereza kwenyewe nyingi zilitiwa motoni mwaka ule na kuwa vinoo vya fedha, na zile za shaba zilizofuatana nazo zikabaki peke yake kama wajane. Mchuuzi mmoja wa Dar es Salaam alikuwa akizunguka mikoani na mizani ndogo. Alikuja kwangu akiwa ameshaelekezwa.

Hakusoma jina hata moja. Alizitenga za fedha upande huu, za shaba upande huu, akazipima za fedha zote kwa pamoja, zile nyingine akazikadiria kwa jicho kama mtu anunuaye dagaa. Nilijua wazi kwamba katika fungu lile zilikuwamo mbili ambazo hazikuwa zangu kuuza. Nilijiambia kwamba mzee ameshakufa, mjukuu bado ni mtoto, na watoto wangu wanalowa. Nilipata mabati kumi na manne. Sitadanganya: paa lile lilitufaa, na pacha wale leo ni watu wazima.

Mdogo wangu alikuwa amerudi kutoka Vita vya Kagera mwaka mmoja kabla. Aliponitembelea akayatazama mabati, akauliza yametoka wapi, nami nikamweleza nusu kwa kujisifu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kaka, na zangu nikizileta hapa, zina uzito gani?" Akala chakula akaondoka, na ilipita zaidi ya miaka miwili kabla hajaingia tena nyumbani kwangu.

Nilikwenda Dar es Salaam mwaka 1982 kumtafuta yule mchuuzi, ili ikiwezekana nizikomboe angalau mbili zile. Duka lilikuwa limegeuka kuwa la kushona nguo. Nilizunguka kwa masonara siku mbili bila kuona chochote, hatimaye nikakaa karibu na sanamu ya Askari, ile iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita vile. Wapita njia walikuwa wengi, na bila shaka walinidhania mtu aliyechoka na safari.

Mjukuu alikuja mwaka 1994. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, utingo wa lori, mwenye adabu nyingi. Akasema kwamba bibi yake kabla ya kufa alimwambia amwulize mwalimu. Nami, mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nikamjibu kwamba ziliibwa. Akasema, "Pole sana, mwalimu." Ndugu msomaji, pole ile ilinikaa kifuani kuliko tusi lolote ambalo angenitukana.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba mkosaji wa namna yangu si mimi peke yangu, ingawa wenzangu wengi hawakuuza amana ya mtu. Huko Uingereza kukusanya nishani ni jambo kubwa, na chama chao cha utafiti wa nishani kilianzishwa tangu mwaka 1942. Mtu hukusanya ujanani, akauza ili anunue nyumba au amalize talaka, kisha uzeeni akazikuta nishani zilezile katika orodha ya mnada, akazijua kwa namba na jina, akazinunua tena kwa bei mara kumi ya ile aliyouzia. Magazeti yao hutoa matangazo ya watu wanaotafuta kipande kimoja kilichotengana na vingine vya askari yuleyule. Nilipoyasoma kwa mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Yote hayo yanawezekana kwa sababu moja tu: nishani za Vita Kuu ya Kwanza zilichapwa jina ukingoni. Katika Vita Kuu ya Pili Uingereza iliamua kutochapa majina kwa askari wake, ingawa India, Australia na Afrika Kusini ziliwachapia wao. Keya wetu waliokwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma walipewa nyota zisizo na jina. Ikitoka nyumbani kwake, nyota hiyo haina wa kuiita.

Hapa niwaombe jambo wenye masanduku ya wazee majumbani. Kama imo nishani, msiipige Brasso wala majivu na ndimu ili ing'ae, kwani ukingo husuguliwa hadi jina likafutika. Chukueni miwani ya kusomea au kioo cha kukuza, mwigeuze taratibu penye mwanga wa dirishani, mwandike mnachokiona chote, mbele, nyuma na ukingoni. Mwandike na utepe ulishonwa kwa uzi gani. Daftari langu la mazoezi, lenye madoa ya mafuta ya taa, ndilo mchuuzi hakulinunua.

Binti yangu wa pili ni muuguzi, anafanya kazi Birmingham. Alipokwenda huko nilimnakilia kurasa zote za daftari, nikamweleza ukweli ambao sikuwa nimemweleza hata mama yake kwa ukamilifu. Akawa anazitazama orodha za minada kila zinapotoka. Miaka ikapita. Mwezi wa Septemba mwaka 2011 alinipigia simu usiku akanisomea namba, tarakimu kwa tarakimu, nami nikiwa nimefungua daftari na taa mkononi. Namba ni ileile. Kisha akanisomea jina, na lilikuwa limekosewa vilevile. Kosa la karani yule wa zamani ndilo lililonihakikishia, maana namba huweza kufanana katika vikosi mbalimbali, lakini hakuna makarani wawili ambao wangeliharibu jina lile kwa namna moja.

Ilikuwa ya shaba, yenye utepe wa upinde wa mvua. Ya fedha haikuwapo, wala sitegemei kuiona; nadhani ilikwisha kuwa bangili za mtu kabla mabati yangu hayajapata kutu. Tuliipata kwa pauni 85, na juu yake ada ya mnada, fedha ambazo nilimrudishia binti yangu kwa kuuza ng'ombe mmoja. Alikuja nayo likizo ya Desemba ndani ya mkoba, imefungwa kwa kitambaa. Nilipoishika nilitafuta ule uzi wa kaki alioutumia mzee kushonea utepe. Ulikuwa umeondolewa, na utepe ni mpya. Nilihuzunika kwa ajili ya uzi, jambo ambalo mke wangu hakulielewa hata kidogo.

Mjukuu wa mzee kwa wakati huo alikuwa dereva mwenye lori lake. Nilikwenda kwake Uyui mwenyewe, sikumwita. Nikampa mikononi. Aliigeuza kama nilivyomwonyesha, akalisoma jina, akacheka kama babu yake: "Hili jina gani tena, mwalimu? Babu hakuitwa hivi!" Halafu akanyamaza akiiangalia. Akauliza, "Kumbe wezi walikamatwa?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mkewe alikuwa ameshaweka chai, watoto wamekusanyika, furaha imejaa. Nikamwomba watoto watoke nje, nikamweleza habari ya paa, ya mizani, na ya uongo wangu wa mwaka 1994. Hakunitazama nilipokuwa nikisema. Nilipomaliza aliniuliza ni mabati mangapi. Nikamwambia kumi na manne. Akasema, "Hii naipokea, nakushukuru kuirudisha. Ile ya fedha bado nakudai." Mimi nikidhani ni hasira itakayopita. Lakini mpaka leo tukikutana mjini hunisalimu kwa heshima zote, shikamoo na mkono kifuani, na kabla ya kuagana huniuliza, "Na ile ya fedha, mwalimu?" Sijaweza kutambua kama anatania. Wala sijathubutu kumwuliza.

Imebaki nyota. Kila nilipokwenda mji mwenye maduka ya vitu vya kale, Arusha, Nairobi, popote, niliomba kuona nyota za Burma na kuzihesabu pembe. Wenye maduka walinidhania mgonjwa. Wakusanyaji wanajua pia kwamba nyota hizi zina nakala nyingi za bandia, kwa kuwa hazina jina la kumsuta mwongo. Mwaka 2017, katika duka moja la Mji Mkongwe, Zanzibar, mwenye duka aliniletea sahani ya vyuma mchanganyiko, na chini kabisa nikaiona: Nyota ya Burma, pembe moja imepinda. Binti yangu alikuwa nami. Mikono ilinitetemeka hata nikasahau kupatana bei.

Yule mzee wa Urambo hakuniachia amana, aliniuzia kwa viatu, na kisheria sidaiwi. Hata hivyo nilimtafuta mwanawe wa kike, ambaye sasa ni mama wa makamo, nikaenda Urambo nikaiweka nyota juu ya mkeka mbele yake. Nikamwambia, "Dada, sina hakika. Pembe imepinda kama ya baba, lakini pembe hupinda."

Aliichukua, akaipima kiganjani, akasema pembe ya nyota yao aliipinda yeye mwenyewe utotoni, akifungulia kopo la samli, na akachapwa kwa kosa hilo. Nilianza kufurahi. Kisha akaigeuza. Akaipeleka mlangoni penye mwanga akaigeuza tena, akaipitishia kidole gumba nyuma polepole.

"Baba alikwangua herufi huku nyuma kwa msumari," akasema. "Herufi ya kwanza ya jina la mama. Wewe hukuiona?"

Nilifungua daftari mbele yake, ingawa nilijua kilichoandikwa. Nyota ya Burma, pembe moja imepinda. Basi. Nyuma ya nyota iliyokuwa mikononi mwake palikuwa pasafi, hapana hata mkwaruzo.

"Mwalimu," akasema bila ukali, "uliitazama mbele tu."

Nilimwomba aipokee hivyo hivyo, kwa ukumbusho. Akakataa. Akanirudishia kiganjani akafunga vidole vyangu juu yake, akasema kwamba yuko mwanamke mwingine mahali, huenda Songea, huenda Malawi, ambaye hii ni ya baba yake, na hapendi kuikaa nayo. Akaniambia herufi yenyewe ni ipi, nami nikaiandika katika daftari palepale, chini ya ule mstari wa mwaka 1977, kwa kalamu niliyoazima kwa mjukuu wake.